Maswali ya Wasomaji: Upepo Uleule, Bahari Mbili

Barua za safari hii zimetoka pwani ya kusini peke yake, kuanzia Mtwara hadi Kilwa Masoko. Zote zinahusu upepo, maji na mawimbi. Tumezifupisha bila kugusa maana.

Simu ilinidanganya?

Wahariri, salaam. Nina boti ya faiba ya mita 7, mashine ya HP 40. Natoka Msangamkuu kwenda kuvua nje ya Msimbati. Agosti simu iliniambia kusi, kilomita 28 kwa saa. Nilienda nikarudi, nimelowa tu. Januari ikasema kaskazi, kilomita 25, nikaona hiyo si kitu. Nilipovuka mwamba nikakuta mawimbi yamesimama kama ukuta, boti ikadunda mpaka ubao wa kukalia ukapasuka. Upepo mdogo unaletaje bahari kubwa?
*Nahodha, Msangamkuu*

Jibu: Simu haikudanganya, ilikupa nusu ya habari. Ulisoma upepo, lakini maji yaliyo chini ya upepo huo nayo yana safari yake.

Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi ukitoka mashariki, hugonga pwani karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, kisha hugawanyika. Tawi moja huteremka Mlango wa Msumbiji. La pili hupanda kaskazini likipita mbele ya Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia. Hili la pili haligeuki na misimu kama upepo unavyogeuka. Wakati wa kusi husukumwa na kuongeza kasi, noti 2 au 3, na mahali pengine zaidi (noti 1 ni maili 1 ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85). Wakati wa kaskazi hupungua, noti 1 au moja na nusu, lakini kwa kawaida bado linaelekea kulekule kaskazini.

Sasa weka upepo wako juu yake. Kilomita 28 za Agosti ni noti 15. Upepo ulikuwa unakimbia njia moja na mkondo wa noti 3, kwa hiyo uso wa maji ulipata msukumo wa noti 12 tu. Kilomita 25 za Januari ni noti 13 na nusu, zikija usoni mwa mkondo wa noti moja na nusu. Maji yakapata noti 15. Kumbe ile kaskazi "ndogo" ndiyo iliyokuwa kubwa.

Na si hilo tu. Mkondo hunyoosha mawimbi au huyakunja. Chukua wimbi la sekunde 5, la kawaida kwa upepo wa namna hii. Kwenye maji yaliyotulia, kutoka kilele hadi kilele ni kama mita 39. Likienda pamoja na mkondo wa noti 3 hurefuka hadi mita 53, likawa mlima mpole ambao boti hupanda na kushuka. Likikutana uso kwa uso na mkondo wa noti moja na nusu hufupika hadi mita 31, na kimo chake kinaongezeka. Mteremko wa mbele unakuwa mkali, omo (mbele ya chombo) linachoma wimbi la pili kabla tezi (nyuma yake) halijatoka kwenye la kwanza. Ubao wako ulipasukia hapo.

Kuna namba nyingine inayowapoteza wengi: kimo cha mawimbi. Utabiri ukisema mita 1.5, huo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Mengi yatakuwa chini ya hapo, lakini ukikaa nje saa chache utakutana na moja au mawili yanayokaribia mara mbili yake, mita 3. Usilipangie safari lile la wastani.

Kwa Desemba hadi Machi, basi, ondoka alfajiri na umande, ule upepo mwepesi utokao bara, na uwe umesharudi ndani ya mwamba kabla upepo wa mchana haujaongezeka, kwa kawaida kati ya saa tano na saa saba. Ukikamatwa nje, usiyakabili mawimbi uso kwa uso wala usiyape ubavu. Yachukue kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 upande mmoja wa omo, teremsha mwendo hadi noti 6 au 8, na ondoa madumu ya mafuta mbele uyalete katikati. Omo zito halipandi. Mashine nayo itakula mafuta zaidi kwa safari ileile, kwa hiyo kanuni ya theluthi si anasa: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa.

Maji ya saa ngapi?

Salaam aleikum. Mimi na wenzangu tunalima mwani Naumbu. Kijana mmoja ndiye anayetuangalizia maji kwenye simu, naye sasa amehamia Dar. Tunawezaje kujua wenyewe bamvua litapwa saa ngapi, na tukiwa shambani tuna muda gani kabla maji hayajarudi?
*Mama mkulima wa mwani, Naumbu*

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Mwezi unatosha, na saa ya mkononi.

Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Kwenye pwani yetu siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Kama jana maji yalikauka saa nne asubuhi, leo ni saa tano kasoro dakika kumi, kesho karibu saa sita kasoro dakika ishirini. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, lakini hayo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji mbali, na kamba za mwani hazitoki nje. Bamvua kubwa kuliko yote ni ya karibu na Machi na Septemba.

Suala la muda ndilo la kuliangalia sana, kwa sababu maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hurudi fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua zuri la Mtwara lina tofauti ya mita 3.4 hivi, kwa hiyo fungu moja ni sentimita 28. Baada ya saa moja maji yamepanda sentimita 28, hata hamtashtuka. Baada ya saa mbili ni sentimita 85, yako kiunoni kwa mtu mfupi. Baada ya saa tatu ni mita 1.7. Anayesema "bado kidogo nimalize mstari huu" kwenye saa ya pili ataogelea kwenye saa ya tatu, tena akiwa na gunia. Fikeni shambani saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa, na saa moja baada ya hapo muwe mmegeuza uso nchi kavu. Kama kati ya shamba na ufuko kuna bonde au mkondo, hesabuni kina cha bonde, msihesabu cha shamba. Huko ndiko watu hukatiwa njia huku nyuma yao mchanga ungali mkavu.

Kusi ikivuma siku kadhaa mfululizo inaweza kuyasukuma maji pwani yasikauke kama mlivyotarajia. Hilo mwezi haulijui.

Njano ni marufuku?

TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa rangi ya njano kwa Lindi na Mtwara, nitoke au nisitoke?
*Mvuvi wa ngalawa, Mchinga*

Jibu: Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalizo la bahari mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kilomita 40 ni noti 22. Kwa meli inayoingia Mtwara hiyo ni siku ya kazi. Kwa ngalawa yako, kaka, hiyo ni siku ya kushona nyavu. Rangi haijui ukubwa wa chombo chako, na mita 2 za wastani umekwisha kuona hapo juu kwamba zina mita 4 ndani yake.

Kimbunga kiko upande gani?

Nilikua nikisikia vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, si vyetu. Sasa kila miaka michache tunaambiwa tukae ndani. Redio inasema "kiko kilomita 300 mashariki mwa Mtwara", halafu umeme unakatika na mtandao unapotea. Nina mashua mbili Lindi. Bila simu, nitajuaje kinapita wapi, na mashua nizifanyeje?
*Mwenye mashua, Lindi*

Jibu: Kwanza, si vigeni kiasi hicho. Kimbunga kiliingia Lindi penyewe Aprili 1952, na wazee wachache bado wanaweza kukusimulia. Kenneth ilitua Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, Jobo ikaja imechoka Aprili 2021, Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024, Chido ikapiga kaskazini mwa Msumbiji tarehe 15 Desemba 2024. Tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa eneo lao: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuukunja upepo uwe kimbunga, kwa hiyo vinavyotufikia ni vichache. Vichache si sifuri.

Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Simama mahali pa wazi, upe upepo mgongo, nyoosha mkono wa kulia. Kitovu kiko huko, mbele kidogo ya mkono. Hiyo ni dira isiyotaka mtandao, ila isitumiwe nyuma ya jengo wala chini ya kilima cha Lindi, maana hapo upepo umepindishwa.

Kisha tazama upepo unageukia wapi, saa kwa saa. Vimbunga vinavyotujia hutoka mashariki kuelekea magharibi. Upepo ukianza kusini-mashariki, ukaja mashariki, kisha kaskazini-mashariki, kitovu kinapita kaskazini mwako. Huo ndio upande mbaya: kasi ya kimbunga chenyewe inaongezeka juu ya upepo wake, na wote unatoka baharini ukiyasukuma maji ndani ya ghuba. Ukianza kusini, ukaenda kusini-magharibi, magharibi, kisha kaskazini-magharibi, kitovu kinapita kusini mwako na upepo wako unatoka bara. Si salama, lakini maji hayaletwi mlangoni. Kenneth na Chido zilipita kusini mwetu, Hidaya kaskazini. Ukiwa umesimama palepale na upepo haugeuki, bali unaongezeka tu, kinakujia wewe. Tatizo la Aprili ni kwamba kusini-mashariki ni upepo wa kawaida wa kusi inayoanza. Kwa hiyo usitegemee upepo pekee.

Tumia baromita, kipimo cha mgandamizo (kanieneo) wa hewa, hata ya mkono wa pili. Katika nchi za joto kanieneo ya hewa ina mpigo wake wa kila siku: hupanda juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tofauti ya hektopaskali kama 3. (Msomaji wetu wa Naumbu ataona ni saa zilezile za bamvua, ila kinyume: maji yakiwa chini, kanieneo iko juu. Ni bahati tu, lakini inasaidia kukumbuka.) Kwa sababu ya mpigo huo, usilinganishe saa nne na saa kumi ukaogopa bure. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana na ya juzi. Ikiwa chini kwa hektopaskali 3 kuliko kawaida ya msimu, tia shaka. Ikiwa chini kwa 5, kimbunga kipo jirani, hata kama mbingu ni samawati. Baadhi ya simu zina kipimo hiki ndani, ila ukipanda mlima mita 8 inapungua hektopaskali 1, kwa hiyo pima mahali pamoja kila mara.

Dalili ya mapema zaidi ni mawimbi. Siku moja au mbili kabla, bahari ikiwa haina upepo wa maana, huanza kuingia mawimbi marefu, mazito, ya taratibu. Hesabu sekunde kati ya kilele na kilele: ya upepo wa kwetu ni 4 hadi 7, hayo ni 12 na zaidi. Yanatoka kilipo kimbunga au kilipokuwa.

Mashua. La kwanza ni kuziondoa majini, na uzipandishe kwenye maji ya kujaa yaliyo makubwa kuliko yote kabla ya siku yenyewe. Mstari wa bamvua la kawaida hautoshi. Kimbunga hunyanyua maji: sentimita 1 kwa kila hektopaskali inayopungua, na juu ya hapo kiasi ambacho upepo unakisukuma, ambacho huwa kikubwa zaidi. Kikitua saa kumi ya bamvua, mashua iliyofungwa kwenye mnazi wa ufukweni itaelea na mnazi wake. Ng'oa mlingoti kama unang'oka, teremsha foromali (boriti inayobeba tanga), na usiiache mashua tupu: ijaze maji ya kutosha iwe nzito.

Isiyoweza kupandishwa ipeleke ndani ya mto Lukuledi, nyuma ya mikoko, ifungwe nanga mbili na kamba za pande zote kwenye mashina manene. Mvua ikiwa kubwa mto utashuka na magogo, kwa hiyo jibanze pembeni, usikae katikati ya njia ya maji.

Nanga nyingi hukatika kwa hesabu mbaya kuliko kwa chuma kibovu. Mtu anapima kina maji yakiwa yamepwa, mita 4, anatoa kamba mita 20, anaona ametoa mara tano. Maji yakijaa yameongezeka mita 3.5, na omo liko mita 1 juu ya maji. Jumla ni 8.5, kamba yake haifiki hata mara mbili na nusu, nayo inaivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza. Kwa dhoruba toa mara saba ya ile 8.5: mita 60, na mita 10 za mwisho karibu na nanga ziwe mnyororo. Pale kamba inapopita ukingoni funga gunia au tairi lililokatwa. Usiku mmoja wa kusuguana unatosha kuimaliza kamba ya nailoni nene kama kidole gumba.

Na usilale ndani ya mashua kuilinda.

Wingu la Masika

Tunabeba mizigo kwa tanga kati ya Kilwa na Lindi. Masika upepo unatuvamia ghafla na wingu jeusi. Tunapata dakika ngapi?
*Baharia, Kilwa Masoko*

Jibu: Chache. Mvua ikianza kuanguka ndani ya wingu, hewa iliyopozwa na mvua huporomoka nayo, ikigonga maji hutawanyika pande zote. Ndiyo maana upepo hufika kabla ya mvua, wakati mwingine kilomita 5 na zaidi mbele yake, tena kutoka upande ambao hukuutazamia. Radi ikimulika hesabu mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde 15 ni kilomita 5, na upepo unaokimbia kilomita 40 kwa saa utazimaliza kwa dakika saba na nusu. Muda huo unatosha kutua tanga, hautoshi kujadiliana.

Tazama chini ya wingu. Ukiona ukingo uliokunjwa kama mkeka na chini yake maji yamegeuka rangi, tua tanga sasa, lote. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu juu ya tanga inaongezeka mara nne. Makosa yanayopindua mashua ni mawili, na yote ni ya mafundo: demani (kamba ya kuongozea tanga) iliyokazwa badala ya kushikwa na mtu mkononi, na jarari (kamba ya kupandishia tanga) iliyolowa isiyofunguka. Funga jarari fundo la kuvuta mara moja, na hakikisha hakuna aliyekaa juu ya kamba zake. Ukishatua, elekeza omo upepo ulikotoka. Kwa kawaida humalizika ndani ya nusu saa, ukaachwa na shwari na mvua.

Mashine ikizima

Mdogo wangu anavua nje ya Msimbati. Mashine ikizima wakati wa kusi, boti itapelekwa wapi?
*Dada, Mtwara*

Jibu: Kaskazini, na haraka kuliko watu wanavyodhani. Mkondo wa noti 2 ni kilomita 3.7 kila saa, karibu 90 kwa siku, na kusi juu yake inaongeza.

Mwambie jambo moja alishike: nanga kwanza, mashine baadaye. Pale nje ya Msimbati bahari inaporomoka kilomita chache tu kutoka ufukweni. Mtu anayepoteza nusu saa akisafisha plagi amekwisha kusogea karibu kilomita 2, na huenda kamba yake haigusi tena kitu. Kama kina kimeshapita, afunge ndoo mbili kubwa au kipande cha turubai kwenye kamba ya mita 30 itokayo omoni. Zitaligeuza omo liukabili upepo na kupunguza mwendo. Kama ana redio ya VHF, aite chaneli 16. Abaki ndani ya boti, jaketi okozi mwilini, maji ya kunywa yagawiwe tangu saa ya kwanza.

Wewe uliye nchi kavu andika mambo mawili kabla hajaondoka: atavua wapi, na atarudi saa ngapi. Tuseme alionekana mara ya mwisho saa nane mchana, na vyombo vya kumtafuta vinaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Ni saa 16. Mara 3.7, ni kilomita 59. Wasianze Msimbati. Waanze nje ya Lindi na kupanda kaskazini, karibu na usawa wa Mchinga.